Kokwa za zambarau "zimeishinda dawa ya hospitali mara 40": ngoja kwanza tuongee

Swali limetoka kwa binti wa Muheza, nalifupisha kidogo: "Shikamoo Dokta. Baba yangu ana kisukari, kile cha ukubwani, mwaka wa sita huu, anameza metformini. Tangu mwaka juzi anakausha kokwa za zambarau anazitwanga, kijiko cha chai asubuhi na jioni kwenye maji ya moto, na sukari yake imetoka 14 imekuja 9. Majirani wameona wakaanza kuja, sasa hivi anauza kwa pakiti. Kijana mmoja wa chuo aliomba unga akaenda kuupima labu, amerudi na karatasi inasema umezuia enzaimu ya sukari na una nguvu mara 40 kuliko dawa ya hospitali, na sasa wanataka kuujaribu kwa panya. Je huo si ushahidi tayari? Baba aache vidonge? Na tupite wapi ili iwe dawa inayotambulika?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la vidonge maana hilo halisubiri: mzee asiache metformini. Aendelee nayo kama alivyoandikiwa, na hiyo kokwa amwambie daktari wake wa kliniki kwamba anaitumia, asifiche, hasa siku wakimwongezea glibenklamidi, maana ile inashusha sukari kwa nguvu, ukiweka kitu kingine juu yake mtu anaanza kutoka jasho la baridi, anatetemeka, njaa ya ghafla, akizimika usiku watu wanadhani kalala. Mi mwenyewe sio daktari wa kutibu, mi ni mtu wa labu, mshahara wangu umetoka kwenye majani, magome na panya kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo usinisome kama mtu anayedharau dawa za wazee. Ningezidharau ningelala njaa.

Sasa hiyo 14 kuja 9. Ilipimwa lini na lini? Kabla ya kula au baada? Nauliza hivyo kwa sababu wengi wetu tunakimbilia kipimo siku tunayojisikia vibaya, mdomo umekauka, msalani kila saa, na siku hiyo ndo sukari iko juu kabisa, hata angekunywa maji matupu wiki inayofuata ungekuta imeteremka kidogo. Af mtu akishaanza dawa ya majani habadilishi jambo moja, anaacha na soda, anapunguza ugali, anatembea mpaka sokoni, na vidonge alivyokuwa anavisahau anaanza kuvikumbuka kwa sababu sasa ana ari. Ikishuka sifa zote anapewa mzambarau. Mpelekeni apimwe HbA1c, kile kipimo cha sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, zile zinaishi kama siku 120 hivi kwa hiyo kinakupa wastani wa miezi miwili mitatu na sio wa asubuhi moja tu. Apime leo, apime tena baada ya miezi mitatu, na katikati pale muwe na daftari: kala nini, kameza nini, katembea au hajatembea. Hilo daftari litanisaidia kuliko ile karatasi ya labu, kweli kabisa.

Ila karatasi yenyewe nataka tuikalie maana hapo ndo watu wengi wanapotea, na hata wasomi wenzangu wanapotea humo humo.

Ukitafuna kipande cha muhogo mkavu ukakikalisha mdomoni baadaye kinakuwa kitamu, si ndio? Ile ni enzaimu ya mate, amilesi, inakatakata wanga. Huko kwenye utumbo mwembamba kuna nyingine inaitwa alfa-glukosidesi, inamalizia vile vipande mpaka viwe sukari ya kuingia kwenye damu. Ukizizuia hizo mbili basi sukari baada ya chakula inapanda polepole. Kuna dawa inaitwa akabosi inafanya kazi hiyo hiyo, na karibu nina hakika "dawa ya hospitali" kwenye karatasi ya kijana ni akabosi na sio metformini ya mzee, maana metformini haizuii enzaimu hizo. Yani mmeambiwa mmeshinda mechi, na timu mliyoshindana nayo hata nyumbani kwenu haipo.

Na mechi yenyewe ilichezwa uwanja gani? Enzaimu inayouzwa kirahisi kwa ajili ya kipimo hiki inatoka kwenye hamira, ndio hamira hii ya maandazi, na shida ni kwamba akabosi haiishiki vizuri ile ya hamira hata kidogo, inaishika ile ya utumbo wa wanyama. Kwa hiyo ukitumia ya hamira akabosi inaonekana goigoi na kila jani unaloleta, la mwembe, la mpera, la nini, linaishinda mara kumi mara mia. Ukirudia na enzaimu ya utumbo wa panya ule ushindi mara nyingi unayeyuka. Mwulize kijana swali moja tu, enzaimu ilikuwa ya hamira au ya utumbo? Akisita kujibu umeshapata jibu.

La pili, ule ukakasi. Tafuna kokwa ya zambarau uone ulimi unavyokauka na kukunjamana, ule ukakasi ni tanini, zinashika protini za mate zinazigandisha. Enzaimu nayo ni protini. Kwa hiyo ukimwaga tanini kwenye kijaribio zinaikumbatia enzaimu yoyote iliyopo pale, ya sukari au ya kitu kingine, hazichagui, namba inatoka nzuri sana kwenye karatasi. Chai ya rangi ya kawaida, ile ya jioni na mihogo, nayo ingekupa namba nzuri. Ila kwenye tumbo la mzee kuna ugali na maharage na dagaa, protini tele, tanini zitashika hizo kwanza. Njia ya kuzikamata tanini ni rahisi na haina gharama, unaongeza protini nyingine ya kawaida kama albumini kwenye kijaribio, nguvu ikipotea ujue ulikuwa ukakasi tu. Na rangi! Kipimo kile kinasoma rangi ya njano inavyoongezeka, sasa unga wa kokwa ukiuloweka unatoa maji ya kahawia, kama hukupima rangi ya dawa peke yake ukaitoa kwenye hesabu mashine inasoma kahawia ya zambarau badala ya kazi ya enzaimu.

Sisemi kijana kadanganya. Kapima alichofundishwa kupima. Nasema tu kipimo kile kinajibu swali dogo sana, "je kwenye kichupa hiki enzaimu hii imepungua kasi", na nyinyi mmekisoma kama kimejibu "je mzee atapona".

Haya, panya. Hapa nna mengi ya kusema maana nimeng'atwa nao vya kutosha. Panya wa labu hana kisukari, inabidi umpe. Zamani tulitumia sana aloksani, siku hizi wengi tunatumia streptozotosini, kemikali iliyotoka kwa bakteria wa udongoni, inaingia kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Inachanganywa kwenye maji yenye uchachu kidogo, baridi, na unachoma hapo hapo maana inaharibika haraka, halafu usiku wa kwanza unawapa panya maji ya glukosi kwa sababu seli zinapokufa zinamwaga insulini yote kwa mkupuo na panya anaweza kufa kwa sukari kushuka kabla hata hajapata kisukari unachokitaka. Siku tatu baadaye unapima mkiani, aliyezidi kama 14 hivi (au 250 kwa mashine za miligramu) ndo unamhesabu ana kisukari.

Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu tulifanya na aloksani, makundi ya panya sita sita, dawa ikashusha sukari vizuri mno, tukaanza mpaka kuandika kichwa cha makala. Mi ndo nlikuwa mdogo pale nikapewa kazi ya kunakili daftari, nikafika kundi lililopewa maji matupu nikakuta panya wanne kati ya sita nao sukari imeshuka. Wenyewe tu. Aloksani ina tabia hiyo, panya wengine kongosho linajirekebisha. Kama tusingekuwa na kundi la maji leo kungekuwa na jani moja linauzwa mjini kwa jina langu. Tangu siku hiyo mtu akiniletea matokeo ya panya sisomi kundi la dawa, nasoma kwanza kundi la maji.

Kingine nachokiangalia ni glibenklamidi, wengi wanaiweka kama dawa ya kulinganishia. Ile inafanya kazi kwa kuzisukuma seli za kongosho zimwage insulini. Sasa kama ulizichoma seli zote zikafa, glibenklamidi itasukuma nini? Ukiona kwenye ripoti imefanya kazi vizuri sana kwa panya wanaosemwa kongosho limekwisha, basi halikuwa limekwisha. Na kisukari cha aina hiyo, cha seli kufa, kinafanana zaidi na cha watoto, mzee wako ana cha ukubwani ambapo insulini ipo ila mwili hauisikii. Kwa mfano wa mzee ni bora kuwalisha panya mafuta wiki kadhaa wanenepe halafu dozi ndogo ya streptozotosini. Inachukua muda, chakula ni ghali, ndo maana wengi wanakimbia.

Af wapime chakula na uzito kila siku jamani. Dawa chungu ukimmiminia panya kooni anasusa kula, anakonda, sukari inashuka kwa njaa, na wewe unaandika "imefanya kazi".

Tuje kwenye dozi, hesabu hii ifanye na mzee mezani. Tuseme panya wamepona kwa miligramu 400 za dondoo kavu kwa kila kilo ya uzito. Kuitoa kwa panya kuileta kwa mtu huchukui 400 kama ilivyo, unagawa kwa 6.2, inakuja kama 65. Mtu wa kilo 70 ni gramu 4.5 hivi za dondoo kwa siku. Sasa dondoo sio unga, dondoo ni kile kinachobaki ukishaloweka unga, ukachuja, ukakausha maji yake, na tuseme gramu 100 za unga zinakupa gramu 10. Basi mzee anahitaji gramu 45 za unga, vijiko vya chai kama 15 vya kokwa kila siku. Yeye anatumia viwili. Kwa hiyo hata panya wakipona wote, hawajasema lolote kuhusu vijiko viwili vya Muheza. Nimeona makala wanaenda mpaka miligramu 1000 kwa kilo, mi huwa nacheka, hiyo sio dawa tena hiyo ni futari.

Na hata kama kweli inashusha, kushusha sukari sio kazi ngumu, hata sumu inashusha. Jamaika wana tunda linaitwa ackee, ndo tunda lao la taifa, mti wenyewe asili yake Afrika Magharibi. Likiwa bichi lina kitu kinaitwa hipoglisini, jina limetokana na kushusha sukari kwenyewe, linazuia ini lisiunguze mafuta wala lisitengeneze sukari mpya, na watoto wamekufa kwalo miaka na miaka, kutapika, degedege, basi. Lichi nayo ina kemikali za ukoo huo, India kule Muzaffarpur mwaka 2014 watoto waliokula lichi kwa wingi shambani wakalala bila chakula cha usiku waliamka na degedege, sukari imeshuka sana, wengi wakafa. Ungepima hipoglisini kwa panya wenye kisukari bila kuangalia ini ungeruka kwa furaha. Ndo maana kipimo cha sumu hakiji mwisho, kinakuja mapema: panya wazima, dozi kubwa mara moja na unawaangalia siku 14, kisha dozi za kila siku kwa siku 28, na 90 ukitaka kwenda mbali, unapima ini, unapima figo. Figo hasa. Mwenye kisukari figo zake tayari ziko kwenye kazi ngumu.

Usikate tamaa lakini, maana ile metformini ya mzee babu yake ni jani. Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis, watu walikuwa wanautumia tangu zamani, kondoo wakiula wanakufa, ndani yake kuna galejini. Miaka ya 1920 walijaribu galejini kwa wagonjwa, ikashusha sukari kweli ila ikawa kali mno wakaiacha. Metformini yenyewe, ndugu yake mpole, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, ikakaa kabatini mpaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa, na Wamarekani wameiruhusu 1994. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Na wakati mwingine mti unakupa usichokitafuta. Lile ua la vinka, la pinki na jeupe, lipo kwenye kila ua huku kwetu, Jamaika watu walichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Yakapelekwa Kanada miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wakawapa panya, sukari haikutikisika. Ila walipochoma dondoo kwenye damu ya panya chembe nyeupe zikaporomoka, na kutoka hapo ikapatikana vinblastini, dawa ya saratani. Wangekuwa wanaangalia sukari tu wangetupa jani jalalani. Upande wa pili wa hadithi hiyo ni kwamba kuna watu huko mtaani bado wanachemsha vinka kwa ajili ya sukari, mtu anakunywa kitu kinachoporomosha chembe nyeupe, hebu fikiria.

Zambarau yenyewe sio mgeni kwenye vitabu. Kabla insulini haijapatikana 1921 hata Wazungu waliagiza kokwa zake kutoka India kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari. Panya wengi wamepona nayo kwenye makala. Ila Brazil walipofanya kwa watu, chai ya majani yake kwa upande mmoja na glibenklamidi upande mwingine, mgonjwa wala mpimaji hajui nani anapewa nini, sukari ilishuka kwa waliopewa glibenklamidi tu. Yale ni majani, ya mzee ni kokwa, sawa, nakubali, ila inakuonyesha kutoka panya kuja kwa mtu kuna bonde. Na unakumbuka Samunge, Loliondo, 2011, kikombe cha Babu Mwasapile cha shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita? Mti ule, mugariga, mtandamboo wengine wanauita, ulishawahi kushusha sukari ya panya huko Misri miaka ya 1990. Haikuwa hadithi tupu, na bado watu walioacha insulini zao kwa ajili ya kile kikombe walirudi hospitali vibaya.

Kuhusu kuuza pakiti, mzee asimame kwanza, au kama hawezi kuwafukuza majirani basi asiandike wala asiseme "inatibu kisukari". Kuna sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, mtu anasajiliwa na dawa inasajiliwa na Baraza, muanzie kwa mratibu wa tiba asili pale halmashauri, na sampuli inapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Watapima vimelea, ukungu, metali kama risasi, na watapima kama kuna vidonge vya hospitali vimesagwa humo. Usikasirike wakipima hicho, sio kumdharau mzee. Singapore mwaka 2008 kulikuwa na dawa za nguvu za kiume zinaitwa za asili, ndani mna glibenklamidi, watu zaidi ya mia walilazwa sukari imeanguka na wanne wakafa, na hata hawakuwa wanatibu kisukari. Wafanyabiashara wa dawa za asili za kisukari wanafanya mchezo huo huo makusudi maana kipimo cha kidole kinakubali siku hiyo hiyo.

Kwa utafiti nendeni Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, wako kazini tangu 1974, lakini kabla ya kuwapa unga au kumwambia mtu yeyote mzee anakausha vipi na anachanganya na nini, muandikishiane: nani mwenye maarifa, ikipatikana faida inagawanywaje, makala ikitoka jina la mzee linakaa wapi. Yule kijana naye asaini, hata kama ni mtoto wa jirani. Mzee ameshatoa unga bila karatasi, hilo limepita, asitoe wa pili.

Na kitu cha kufanya wiki hii hii hakihitaji labu. Kateni tawi la mzambarau ule ule anaookota kokwa zake, lenye majani na matunda kama yapo, mlibane kati ya magazeti na kitu kizito juu, mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke, na kwenye kikaratasi muandike tarehe, kijiji, mti uko karibu na nini, na nani kauchuma. Ukitoa maua mrudi kuchukua tawi jingine. Mkifika na unga bila tawi, mtu wa kwanza atakayewapokea atawauliza "mti gani?", na neno zambarau peke yake halitamtosha.